Safari ya Machi Hupangwa Mwaka Mmoja Kabla: Serikali za Wanafunzi Marekani na Likizo za Kujitolea

Kila mwaka, kati ya mwanzo wa Machi na mwanzo wa Aprili, vyuo vya Marekani hufunga masomo kwa wiki moja. Hiyo ndiyo likizo ya machipuko. Wengi hurudi nyumbani, wengine huenda ufukweni Florida, na wachache hujipakia kwenye magari, kumi au kumi na wawili kwa kundi, wakaenda kujenga nyumba za familia zenye kipato kidogo, kufungasha chakula kwenye maghala ya msaada, kutengeneza njia za miguu misituni au kupanga samani kwenye nyumba ya wakimbizi wanaofika keshokutwa. Safari hizo huitwa likizo mbadala. Mwanafunzi anayetoka Arusha, Eldoret au Bukavu akifika huko huliona bango lake katika muhula wake wa kwanza, na maswali huanza papo hapo. Nani anagharimia? Kwa nini nitoe dola 175 ili nikafanye kazi ya bure? Kwa nini maombi ya safari ya Machi yanafungwa Oktoba? Na serikali ya wanafunzi inaingilia wapi?

Majibu yote yanarudi kwenye kalenda ya fedha. Safari nyingi zinazoharibika hazikosi watu wenye moyo. Huharibika kwa sababu pesa ziliombwa kwa kuchelewa au ziliombwa kwa jina lisilo sahihi, au kwa sababu zote zilitengewa magari na chakula bila kubakiza chochote cha maandalizi na cha mwenyeji, yaani shirika linalowapokea wanafunzi na kuwapa kazi.

Serikali yenye mfuko

Kwetu Afrika Mashariki serikali ya wanafunzi inajulikana kwa kufuatilia bumu, yaani pesa za kujikimu za mkopo, likichelewa, kutetea vyumba vya hosteli na kubishana na utawala juu ya ada. Ya Marekani nayo hufanya kazi za aina hiyo, lakini uzito wake hasa uko kwingine: inagawa pesa. Ndani ya bili ya karo ya kila mwanafunzi mna mstari wa ada ya shughuli za wanafunzi, na kulipa si hiari. Chuo hukusanya, kisha mgawo hupangwa na wanafunzi waliochaguliwa: rais, makamu wake, mhazini, na seneti yenye wajumbe wa vitivo au wa miaka ya masomo. Vilabu vyote, kuanzia cha mdahalo hadi cha wanafunzi wa Kiafrika, huenda kupiga hodi kwenye mlango huo mmoja.

Mamlaka ya kugawa hayafanani kila mahali. Florida, sheria ya jimbo inaipa serikali ya wanafunzi ya chuo kikuu cha umma kazi ya kugawa ada ya shughuli na huduma, lakini rais wa chuo anaweza kufuta mstari wowote wa bajeti hiyo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chama cha wanafunzi kiitwacho ASUC ni shirika linalojitegemea, lisilo la faida. Kwenye vyuo binafsi mipaka huwekwa na bodi ya chuo. Ndiyo maana anayetaka kupanga safari hana budi kuanza na waraka mmoja: kanuni za fedha za serikali ya wanafunzi ya chuo chake. Aombe toleo la mwaka huu, kwa sababu kanuni hizo hurekebishwa karibu kila mwaka na nakala za zamani huendelea kuzagaa.

Jambo moja linavibana vyuo vyote vya umma. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi waliopinga ada ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Walidai kuwa si haki kulazimishwa kuchangia vikundi vyenye misimamo wasiyoikubali. Mahakama ilisema chuo cha umma kinaweza kutoza ada hiyo, mradi mgawo usipendelee wala usiadhibu msimamo wa mtu. Miaka mitano kabla, mwaka 1995, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imeamua kuwa Chuo Kikuu cha Virginia hakikuwa na haki ya kukataa kulipia uchapishaji wa jarida la wanafunzi kwa sababu tu lilikuwa la Kikristo.

Kwa safari za likizo hilo lina maana kubwa. Seneta hawezi kusimama na kusema, "Hawa wanaenda kusaidia wahamiaji, mimi sikubaliani na uhamiaji, tuwanyime." Wala hawezi kuinyima safari ya kujenga nyumba kwa kuwa imeombwa na kikundi cha dini. Anachoweza kuhoji ni gharama, idadi ya washiriki, usalama, na kama nafasi zimetangazwa kwa wanafunzi wote. Mjumbe mwenye busara huuliza maswali yale yale kwa kila kikundi na kuhakikisha yameandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Asipofanya hivyo, uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa na kupinduliwa, na hapo wiki tatu nyingine zimepotea.

Likizo mbadala ilivyopata sura yake

Wimbi hili lilikua miaka ya 1980. Mwaka 1985 marais wa vyuo vya Brown, Georgetown na Stanford walishirikiana kuanzisha Campus Compact, umoja wa vyuo wa kuhimiza utumishi kwa jamii. Mwaka 1989 Habitat for Humanity, shirika linalojenga nyumba kwa ajili ya wenye kipato kidogo, lilianza mpango wa kuwapokea wanafunzi wakati wa likizo kujenga nyumba. Mwaka 1991, kutokana na safari zilizokuwa zikifanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, likazaliwa shirika la Break Away, ambalo liliweka masharti manane ya safari njema: kazi ya moja kwa moja na jamii, utofauti wa watu na haki ya kijamii, maelezo ya awali, elimu juu ya tatizo lenyewe, mafunzo ya kazi, tafakuri, mwendelezo baada ya kurudi, na kutotumia pombe wala dawa za kulevya.

Masharti mawili huachwa kwanza pesa zikipungua: elimu na mwendelezo. Hayo mawili ndiyo yanayotenganisha kujifunza kwa kuhudumu na kujitolea kwa kawaida. Anayefungasha viazi kwenye ghala la chakula kwa saa sita amejitolea. Amejifunza pale anapojua kabla ya kwenda kwa nini kaunti yenye mashamba ina watu wenye njaa, akakutana na wanaoishi na hali hiyo, na akirudi ana jambo la kufanya nalo.

Kuna mtego hapa. Baadhi ya safari huunganishwa na kozi yenye alama, mwalimu na mtihani. Kimasomo ni jambo zuri, lakini kanuni za fedha za vyuo vingi zinakataza ada ya shughuli kulipia kitu ambacho ni sehemu ya masomo, kwa hoja kwamba hiyo ni kazi ya karo. Safari ikishasajiliwa kama kozi inaweza kupoteza sifa ya kuombewa pesa. Uamuzi wa kozi au klabu ufanywe kabla ya ombi kuandikwa.

Kalenda, na mahali inapokatikia

Mwaka wa fedha wa vyuo vingi huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Bajeti kuu ya vilabu hupigiwa kura kati ya Februari na Aprili kwa ajili ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo, safari ya Machi mwakani inapaswa kuwa kwenye karatasi Machi mwaka huu, wakati kundi la sasa ndiyo kwanza linarudi na vumbi lake. Aliyekosa dirisha hilo hubaki na mfuko wa nyongeza, ambao ni mdogo, unagombewa na wote, na mara nyingi unakauka kabla ya Januari.

Tuchukue ombi la nyongeza linaloingia Ijumaa ya kwanza ya Novemba. Wiki inayofuata linajadiliwa na kamati ya fedha. Wiki ya tatu baada ya kuwasilishwa lilipaswa kusomwa mara ya kwanza kwenye seneti, lakini ni wiki ya sikukuu ya Shukrani, kikao hakipo. Linasogea hadi Desemba. Usomaji wa pili na kura vinaangukia wiki ya mitihani, akidi haitimii. Chuo kinafungwa hadi katikati ya Januari. Kura inapigwa mwisho wa Januari, rais wa wanafunzi anatia saini, kisha ofisi ya hesabu inahitaji siku kumi za kazi kuingiza fedha kwenye akaunti ya kikundi. Hapo ni katikati ya Februari. Magari ya kukodi yamekwisha au bei imepanda, na mwenyeji ametoa nafasi kwa chuo kingine kilicholipa amana Oktoba.

Kalenda inayofanya kazi ni hii. Aprili na Mei, chagueni viongozi wawili kwa kila safari. Mmoja hatoshi, kwa sababu mmoja akiugua safari nzima inasimama. Agosti na Septemba, zungumzeni na mwenyeji na muwekeane makubaliano ya maandishi. Oktoba, pokeeni maombi ya washiriki. Novemba, chagueni na mpokee amana, hata kama ni dola 50, maana asiyetoa chochote hujitoa kirahisi Februari. Januari hadi Machi, fanyeni vikao vya maandalizi visivyopungua sita.

Kasoro nyingine haisemwi sana. Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi mara nyingi huwa Machi au Aprili, hivyo aliyewaahidi pesa si lazima awe ndiye atakayezisaini. Ahadi ya mdomo ya mhazini anayeondoka haina thamani yoyote. Nambari ya mswada, tarehe ya kura na kiasi kilichopitishwa viwekwe kwenye jalada la kikundi siku ile ile.

Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano: watu 12, yaani washiriki kumi na viongozi wawili, usiku sita, siku saba, maili 500 kwenda na 500 kurudi, na maili 150 za mizunguko ya kule. Tarakimu ni za kielelezo, lakini uwiano wake ni wa kweli.

Magari mawili ya watu saba kwa dola 600 kila moja ni 1,200. Mafuta: kila gari linakwenda maili 1,150, likila galoni moja kwa maili 22 ni galoni 52, mawili ni 104, na kwa dola 3.50 kwa galoni ni dola 364. Malazi kwenye ukumbi wa kanisa wenye magodoro, dola 15 kwa mtu kwa usiku, ni 1,080. Chakula cha kupika wenyewe, dola 15 kwa mtu kwa siku, ni 1,260. Ada ya mwenyeji, dola 100 kwa mtu, ni 1,200. Uchunguzi wa rekodi za jinai, mafunzo ya huduma ya kwanza na vifaa vya kujikinga ni 300. Jumla ni dola 5,404. Ongeza asilimia kumi ya dharura, dola 540, unapata 5,944, karibu dola 495 kwa mtu. Serikali ya wanafunzi ikitoa nusu, 2,972, na kila mtu akichangia 175, jumla 2,100, kinabaki dola 872 cha kutafuta kwa harambee.

Sasa ije kamati ya fedha na kalamu nyekundu. Chakula hukatwa kwenye vyuo vingi, kwa hoja kwamba mwanafunzi angekula hata asiposafiri. Fulana hukatwa. Lakini mstari unaowashangaza wengi ni ule wa mwenyeji. Mkiandika "mchango kwa shirika", una nafasi kubwa ya kukataliwa, maana ada ya lazima ya wanafunzi kwa kawaida hairuhusiwi kutolewa sadaka kwa shirika la nje. Ni pesa ya kuhudumia wanafunzi. Dola 100 zile zile zikiombwa kama ada ya programu, zikiambatana na ankara ya mwenyeji inayotaja mafunzo, usimamizi na zana, hupita. Hapo hakuna ujanja, kwa sababu mwenyeji kweli anatoa huduma hizo na zinamgharimu. Ombeni ankara Septemba, na iwe na jina rasmi la shirika pamoja na fomu ya kodi ya W-9, ambayo bila yake ofisi ya hesabu haitoi malipo kwa mtoa huduma mpya.

Ulizeni pia namna ya kulipwa. Mtindo wa kurejeshewa, ambapo kiongozi analipa kwa kadi yake kisha anasubiri wiki nne hadi sita, humwumiza mwanafunzi asiye na akiba. Matokeo yake uongozi wa safari hubaki kwa wenye wazazi wenye uwezo. Seneti inayojali usawa ikubali kulipa magari na mwenyeji moja kwa moja, na iweke kadi ya chuo kwa ajili ya mafuta. Hilo moja hufungua mlango kwa wengi kuliko hotuba yoyote ya ujumuishi.

Swali gumu litakalokuja kikaoni ni hili: kwa nini ada ya wanafunzi 15,000 iwalipie 12? Ni swali la haki, na asiyejiandaa huangukia hapo. Jibu linalosimama lina sehemu tatu: nafasi zilitangazwa kwa wote, maombi yalisomwa bila majina, na kuna punguzo kwa wenye kipato kidogo. Seneta ambaye naye anasafiri atangaze maslahi yake na asipige kura.

Magari

Hapa ndipo watu hufa, kwa hiyo tusilipitie juu juu. Vani ya watu 15 inaonekana nafuu: gari moja, dereva mmoja, wote pamoja. Tangu 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, imekuwa ikitoa tahadhari juu ya vani hizo. Zikibeba watu kumi au zaidi, kitovu cha uzito hupanda juu na kusogea kuelekea nyuma ya gari, na dereva akikata usukani kwa ghafla hupinduka kirahisi zaidi kuliko zikiwa na watu wachache. Mizigo iliyofungwa juu ya paa huzidisha hatari. Vyuo vingi vimezipiga marufuku au vinaruhusu abiria wachache tu.

Magari mawili ya watu saba ni bora. Kila gari liwe na madereva wawili walioidhinishwa na ofisi ya chuo. Kampuni za kukodisha kwa kawaida hutoza nyongeza kwa dereva wa chini ya miaka 25, isipokuwa chuo kina mkataba unaoifuta. Mkataba huo upo kwenye vyuo vingi na wanafunzi hawaujui. Wekeni kanuni ya kubadilishana usukani kila baada ya saa mbili au tatu, kutoendesha baada ya saa sita usiku, na aliyekaa kiti cha mbele awe macho. Kundi linalomaliza mtihani Ijumaa jioni na kuondoka usiku ule ule kwa safari ya saa tisa linajitafutia ajali. Ondokeni Jumamosi asubuhi.

Kazi yenyewe, na gharama ya mwenyeji

Watu 12 kwa siku tano, saa sita kwa siku, ni saa 360. Kwenye karatasi zinavutia. Toa nusu ya siku ya kwanza ya maelekezo, toa kazi ya kurudia walichokosea, toa saa 80 za watumishi wawili wa shirika waliosimama nao wiki nzima wakiacha kazi zao. Kinachobaki kina faida kwa mwenyeji iwapo tu kazi inafundishika kwa saa moja na inahitaji mikono mingi.

Mfano ulio wazi ni New Orleans. Kimbunga Katrina kilipiga Agosti 29, 2005, na likizo ya Machi 2006 maelfu ya wanafunzi walikwenda huko. Kazi iliyowafaa ilikuwa kuzivua nyumba zilizokaa kwenye maji kila kilichomo ndani hadi zibaki nguzo. Vyombo vya familia hutolewa kwanza hadi barabarani, na kila picha au karatasi huwekwa pembeni kwa mwenye nyumba aamue. Kisha jokofu hufungwa kwa utepe wa gundi na kutolewa bila kufunguliwa, kwa sababu kilichomo kimeoza. Zulia hukatwa vipande. Jipsamu ya ukutani huvunjwa kwa nyundo na mtaimbo, sufi ya kuzuia joto na baridi iliyo nyuma yake, ambayo imelowa, hutolewa kwa mkono, halafu misumari yote hung'olewa moja moja hadi nguzo za mbao zibaki tupu ili zikauke na kusafishwa kuvu. Kundi la kumi na wawili lilihitaji barakoa za N95, miwani, glovu za ngozi, viatu vyenye soli ngumu na chanjo ya pepopunda, maana msumari wenye kutu ndani ya matope hauonekani. Hakuna fundi aliyenyang'anywa kibarua, na mwenye nyumba aliokoa gharama kubwa.

Kwenye ujenzi wa kawaida mipaka ni mingine. Habitat hairuhusu walio chini ya miaka 16 kwenye eneo la ujenzi unaoendelea, na zana za umeme pamoja na kazi za paa ni za wenye miaka 18 na zaidi.

Kazi zisizofaa ni zile zinazohitaji uhusiano wa muda mrefu au taaluma. Kucheza na watoto kwa siku tano kisha kutoweka hakuwasaidii watoto hao. Hapa safari za nje ya nchi zinatugusa sisi moja kwa moja, kwa sababu baadhi huja Kenya, Tanzania na Uganda. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya kujitolea na utalii kwenye vituo vya watoto, kwa kuwa biashara hiyo huchochea kuwatenga watoto na familia zilizo hai. Kenya ilizindua mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye malezi ya familia. Seneti ya wanafunzi inaweza kuandika kwenye kanuni zake, kwa mstari mmoja, kwamba haitalipia safari ya kwenye kituo cha watoto yatima wala safari ambayo mwanafunzi asiye na leseni atamgusa mgonjwa. Kanuni hiyo haibagui msimamo wa mtu; ni ya usalama, na inatumika kwa wote.

Kwa upande wa elimu, Immokalee huko Florida ni mfano unaofaa kuusoma. Mji huo ni kitovu cha wavuna nyanya. Mfanyakazi hujaza ndoo ya ratili 32, huibeba begani mbio hadi kwenye lori, hupewa tokeni, na hulipwa kwa idadi ya ndoo. Mwaka 2001 muungano wa wafanyakazi hao ulianzisha mgomo wa kutonunua vyakula vya Taco Bell, wakidai senti moja zaidi kwa kila ratili ya nyanya. Wanafunzi wa vyuo kadhaa walijiunga, wakapeleka hoja kwenye serikali zao za wanafunzi ili migahawa hiyo isipewe mikataba ya chuo, na mwaka 2005 kampuni ikakubali madai. Mwanafunzi anayekwenda kule Machi akarudi na kujua kwamba seneti yake ina kauli kwenye mikataba ya chakula cha chuo ana kazi ya kufanya Aprili.

Tafakuri ya jioni ndiyo inayotengeneza kiungo hicho. Dakika 45 hadi 60 zinatosha, baada ya kula na kabla ya watu kuanza kusinzia. Maswali matatu: tumeona nini, kuna sababu gani nyuma yake, sasa tufanye nini. Kiongozi asihutubie. Kosa la kawaida ni kulibakiza swali la tatu hadi usiku wa mwisho, wakati kila mtu anafunga begi.

Kwa mwanafunzi anayesema Kiswahili

Kuna miji ya Marekani, Lexington ya Kentucky ukiwa mmoja wao, yenye jamii kubwa ya Wakongo wanaosema Kiswahili. Mashirika yanayohudumia wakimbizi huko yamekuwa wenyeji wazuri: kundi la wanafunzi linaweza kuandaa nyumba ya familia kwa siku moja, kuanzia vitanda hadi sufuria na chakula cha siku za mwanzo. Tangu mpango wa kupokea wakimbizi ulipositishwa Januari 2025, mashirika mengi yamepunguza watumishi, hivyo thibitisheni mapema kwamba bado kuna mtu wa kuwasimamia.

Msema Kiswahili kwenye kundi kama hilo ni hazina, na hapo hapo hutumiwa vibaya. Ataombwa "tafsiri kidogo tu" kwa daktari au kwa mwanasheria. Akatae kwa upole. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumpatia mgonjwa mkalimani mwenye sifa bila malipo, na kosa la kutafsiri kipimo cha dawa au jibu la fomu ya uhamiaji linaweza kumgharimu mtu maisha au makazi yake. Kuwasalimu wazee kwa shikamoo, kuonyesha basi la kwenda dukani, kueleza jiko la umeme linavyozimwa: hayo ayafanye kwa moyo wote.

Kwa mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, kujitolea bila malipo kwenye shirika lisilo la faida kwa kawaida hakuna tatizo, lakini kazi ya bure kwenye kampuni ya biashara inaweza kuhesabiwa ajira isiyoruhusiwa. Kiongozi wa safari akipewa posho, aulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kuipokea. Akisafiri ndani ya nchi abebe pasipoti, I-20 (hati anayopewa na chuo) na nakala ya I-94 (rekodi ya kuingia nchini). Karibu na mpaka wa kusini, Texas na Arizona, kuna vizuizi vya askari wa mpaka barabarani, mbali kabisa na mpaka wenyewe. Safari ikivuka mpaka, I-20 iwe na saini ya kusafiri isiyozidi mwaka mmoja. Sheria za kuingia hubadilika ghafla siku hizi, na viongozi wa safari wengi hawazijui, kwa hiyo swali lipelekwe ofisini kabla ya amana kulipwa.

Baada ya kurudi

Risiti ziwasilishwe ndani ya muda uliowekwa na kanuni, mara nyingi wiki mbili. Risiti ya mafuta isiyo na tarehe au yenye jina la mtu mwingine hurudishwa. Ripoti kwa seneti iwe ya kurasa mbili: fedha ilivyotumika, saa zilizofanyika, na maoni ya mwenyeji kwa maneno yake. Mpigieni mwenyeji simu wiki mbili baada ya kuondoka na mwulizeni mambo matatu: kazi gani ilibidi kurudiwa, kundi liliwagharimu saa ngapi za watumishi, na kama wangependa wanafunzi wengine Machi ijayo au wangefurahia zaidi kupewa pesa ya safari. Wakichagua pesa, liandikeni hilo kwenye ripoti kama walivyolisema.

Jalada la makabidhiano lifungwe kabla ya mitihani ya Mei: nakala ya mswada, bajeti iliyopangwa na iliyotumika zikiwa sambamba, mawasiliano ya mwenyeji, orodha ya madereva walioidhinishwa, na tarehe ya kufungwa kwa maombi ya bajeti kuu ijayo. Fedha isiyotumika hadi Juni 30 hurudi kwenye mfuko mkuu, na kikundi kilichorudisha nyingi bila maelezo huanza mwaka unaofuata kikiwa kimepunguziwa.